Sufuri Tisa za Kassimu

Siku ya hitima ya Kassimu Mwadzaya, pale Kinondo, nilikula sahani tatu za pilau, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mtu mwenye neno kooni hula sana ili neno lisipate nafasi ya kupanda. Nilikuwa katika sahani ya tatu, mkono umejaa mafuta mpaka kwenye kiwiko, Mishi aliponijia ukumbini na faili la rangi ya udongo. Mishi ni binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huko Msambweni, na ana macho ya kusahihisha madaftari. Akaniamkia, "Shikamoo, Ami Athumani." Nikaitikia. Akaketi kwenye mkeka, akafungua faili, akaniwekea karatasi mbele ya sahani. "Huu mwandiko ni wako?" Ulikuwa wangu. Nilikuwa na sufuri nzuri zamani hizo, za mviringo kana kwamba nimezichora kwa kuzungushia kikombe. Zilikuwa tisa, moja kwa kila mwezi, zimepangana kama vishimo vya bao. Chini yake palikuwa na mwezi wa kumi wenye tarakimu ya kweli, na pembeni, kwa wino mwekundu wa mtu mwingine, maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi.

"Daktari hakusema ni mionzi iliyomtia baba saratani ya damu," Mishi alisema, taratibu, ili wenye kusoma Qur'ani chumba cha pili wasisikie. "Alisema hakuna awezaye kuapa. Mimi hilo nimelikubali. Lakini aliisoma karatasi hii mbele yetu, akasema miezi tisa huyu hakupata kitu, na mwezi mmoja alijiunguza mwenyewe kwa kutofuata taratibu. Baba akainamisha kichwa. Ami, mimi sitaki kingine. Nataka kujua kama baba alikuwa mzembe." Nikamwambia, "Niachie hilo faili, mwanangu, nikalisome." Hapakuwa na la kusoma. Karatasi ile naijua kuliko namba yangu ya simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba kiasi cha kuweza kujificha nyuma ya mpini wa jembe. Kidato cha nne nilikuwa nakisomea jioni, Ukunda, darasa moja na akina mama wawili wauza samaki na askari jela mmoja aliyekuwa akikoroma kwa Kiingereza. Mchana nilikuwa karani wa kikosi cha watu wanne waliopiga picha viungo vya bomba la maji, bomba la chuma nene ambalo mtu mfupi angepita ndani yake amevaa kofia. Mafundi wakichomelea, sisi tulifuata nyuma kutazama kama ndani ya kiungo kuna ufa. Picha hizo hazipigwi kwa mwanga. Hupigwa kwa mionzi, inayotoka kwenye kidonge cha chuma kisichozidi punje ya mtama, nacho huishi ndani ya sanduku zito tuliloliita kamera. Wakati wa kazi kidonge husukumwa nje kwa waya mrefu wa kuzungusha mkono, hukaa dakika kadhaa ubavuni mwa bomba, kisha hurudishwa. Kikiwa ndani, chuma cha sanduku huizuia mionzi, lakini si yote. Kidogo huvuja, usiku na mchana, siku za kazi na za Idi.

Kampuni ilitupangia nyumba ya vyumba vitatu Kombani, nyuma kidogo ya soko. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yangu na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Cha kati kilikuwa cha nguo za kazi, na kilinuka jasho na mafuta ya nazi, maana Bi Mwanakombo, mpishi wetu, aliweka humo madumu yake. Cha nyuma kilikuwa stoo. Humo kamera ilikaa ndani ya shimo la saruji lenye kifuniko cha chuma, na mlango ulifungwa kwa kufuli mbili, kila moja kubwa kama kichwa cha mwana-mbuzi. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi barazani, na nathubutu kusema mbaazi za Bi Mwanakombo zingeweza kumfufua mtu aliyekwishasomewa talakini. Kassimu, ambaye ndiye aliyeuzungusha ule waya, alikuwa akimtania kila siku: "Mama, hizi mbaazi leo umezipikia mkwe au umetupikia sisi?" Naye hujibu, "Mkwe wangu ana meno, wewe kula kimya."

Kila mtu wa kikosi alivaa beji kifuani, kijisanduku cha plastiki kama kiberiti kilichokandamizwa. Hiyo haikukingi na chochote. Inahesabu tu mionzi iliyokupata. Mwisho wa mwezi nilizikusanya, nikazipeleka maabara, zikarudi na karatasi. Walizipenda sana beji zile. Kassimu aliivaa yake harusini Gazi, juu ya kanzu, na wazee wakamsogezea mto wakidhani ni mtu wa serikali. Mwenzake mmoja mkewe aliifua pamoja na shati, akaianika. Pamoja na hizo nne ilikuja ya tano isiyovaliwa na mtu. Tuliipa jina Mvivu, kwa sababu ilikula mwezi mzima bila kwenda kazini. Niliambiwa tu kwamba iwekwe mahali salama, isiguswe, na iende maabara pamoja na zingine. Mwezi wa kwanza niliitundika msumarini chumba cha mbele, ikaibiwa siku ya pili, sijui na nani wala kwa matumizi gani. Msimamizi wetu, Bwana Kimeu, mtu wa bara mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alinifokea mpaka kuku wa jirani wakahama. "Karani, kitu kidogo hivyo kinakushinda? Next time, ni wewe utaenda home!" Basi ilipoletwa nyingine nikaifunga kwenye leso yangu safi, nikaiweka kwenye rafu ya stoo, juu tu ya shimo la kamera, nikafunga kufuli zote mbili. Nilitembea siku ile nikijiona mlinzi wa hazina.

Karatasi za maabara nilizisoma kwa sauti wakati wa mahamri. Nilisimama, nikakohoa kama hakimu. "Kassimu Mwadzaya?" Wote kwa pamoja: "Sufuri!" Bi Mwanakombo akapiga kigelegele na mwiko mkononi. Wanne wote sufuri. Mwezi wa pili sufuri, wa tatu sufuri. Ndipo nilipoanza kuzinakili kwenye jedwali langu, na kila mwezi niliziboresha umbo. Siku moja, mwezi wa nne nadhani, Kassimu alikuja mezani kwangu akiwa bado na kikombe cha chai. Alikuwa amenizidi miaka kumi, nami nilimwita kaka. "Karani, mdogo wangu, hebu niambie. Sufuri ni sufuri kweli? Maana kule Msumbiji nilikofanya kazi hii hii, hata mwezi wa uvivu nilikuwa napata kitu kidogo." Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyeanza kusoma fizikia wiki mbili zilizopita, "Kaka, maabara haikosei. Wewe umekuwa hodari, ndiyo maana." Akacheka, akanipiga bega, akaenda kazini.

Jambo hili huniamsha usiku kuliko mengine yote. Taratibu ilikuwa kwamba kidonge kikishatoka, mwenye waya aende mpaka mwisho wake kabisa, ajifiche nyuma ya kifusi. Mwanzoni Kassimu alifanya hivyo, mbio, ameshika kofia. Sufuri zilipoendelea kuja alianza kutembea. Kisha akawa anaishia nusu ya njia, chini ya mkorosho, kwa sababu jua la Kombani saa saba hukaanga yai juu ya jiwe, nami nimeliona likikaanga. Akaona afadhali pale, pia apate kuwafukuza mbuzi wa watu wasiingie ndani ya kamba tuliyozungushia mahali pa kazi. Aliyekimbia alitaniwa: "Mbona mbio, bwana, una miadi?" Tulikuwa na mita ya mkononi inayolia mionzi ikizidi. Ilikuwa ikilia sana. Wakaichoka, maana karatasi inasema sufuri na mita inasema kelele, na karatasi ina mhuri. Betri zake zikahamia kwenye redio ya Bi Mwanakombo. Bwana Kimeu aliyaona yote hayo na hakusema kitu. Kwa nini aseme? Nilimwekea sufuri zangu mezani kila mwezi, naye alizituma makao makuu, na makao makuu yakamjibu kwa barua ya pongezi aliyoibandika ukutani.

Baada ya miezi tisa kampuni ilituazima, mimi na Kassimu, kwa mwezi mmoja kwenye matangi ya mafuta Tanga. Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi, na beji ya Kassimu ya Kenya niliitia bahasha, maana upande wa pili angepewa ya huko. Karani wa kule alikuwa Bi Rehema, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye alitupokea kwa chai ya mchaichai na chapati, akatuuliza habari za nyumbani kwa muda mrefu kiasi cha kwamba nilianza kubuni jamaa wa kuwataja. Kisha akamwambia Kassimu, "Kaka yangu, naomba kadi zako zote za nyuma." Kassimu alikuwa nazo, alizihifadhi vizuri kama hati za shamba. Bi Rehema akazipanga mezani. Ya Msumbiji kwa Kireno, ya Mtwara, na jedwali langu la Kombani. Moja ilihesabu kwa kipimo cha kizamani na nyingine kwa kipya. Hakuna hata moja iliyoitaja mwenziwe. "Jamani," alisema, "huyu ni mtu mmoja au watu watatu? Damu yake haibadiliki akivuka mpaka, lakini makaratasi yanamwanzisha upya kila forodha. Na hata fomu yangu mimi, tazama, haina mahali pa kuandika alichopata kwenu."

Halafu akanyoosha kidole kwenye sufuri zangu. "Hizi ni nzuri mno." Nikatabasamu, nikidhani anasifu mwandiko. "Mdogo wangu, ile beji isiyovaliwa, nyinyi mnaiweka wapi?" Nikamjibu kwa fahari yote niliyokuwa nayo, na wakati ule nilikuwa nayo ya kutosha wilaya nzima: "Stoo, mama, pamoja na kamera. Kufuli mbili." Kassimu alikuwa ametoka kunawa mikono. Bi Rehema aliweka kikombe chini. Hakunifokea. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. "Isiyovaliwa ni ya kulinganishia. Inatakiwa ikae mbali na kamera, ipate ile mionzi kidogo ya ardhi na hewa tu, inayompata kila mtu. Maabara inatazama imepata ngapi, inakitoa kiasi hicho kwenye beji za watu. Ya kwenu inalala na kamera mwezi mzima. Imepata kuwashinda wote. Ukitoa kikubwa kwenye kidogo, kinabaki nini?" Nikasema, "Sufuri." Akasema, "Chini ya sufuri, wakaandika sufuri. Kwetu hapa, isiyovaliwa ikizidi, maabara hairudishi majibu, hurudisha swali. Maabara ya kwenu inatoa tu na kupiga mhuri. Mdogo wangu, ukirudi kawaambie siku hiyo hiyo." Kassimu akarudi akijifutia mikono kwenye suruali, akauliza, "Kuna nini, mbona karani amekauka?" Bi Rehema akanitazama, akaniachia niseme mimi. Nikasema chapati imenikwama.

Majibu ya Tanga yalitufuata Kombani baada ya wiki tatu. Kassimu alikuwa amefanya kazi kule kama alivyozoea huku, kwenye kivuli, nusu ya njia, na Bi Rehema alipomkemea mwezi ulikuwa karibu kwisha. Tarakimu ilikuwa kubwa. Bwana Kimeu aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. "Kassimu, kuja hapa. Miezi tisa kwangu ni zero, zero, zero. Mwezi moja tu kwa watu, unaniletea number kama hii? Ulikuwa unalala na hiyo kitu?" Kassimu akasema, "Bwana Kimeu, nimefanya kama ninavyofanya hapa." "Hapa ni zero, bwana! Karatasi iko hapa!" Naye akaipiga karatasi kofi, ile yangu, mpaka chai ikamwagika. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha tofali, hatua tatu kutoka kwao. Mtihani wangu ulikuwa umebaki miezi miwili. Nilijua nikisema nitafukuzwa kabla ya adhuhuri, na nilijiambia nitasema kesho, asubuhi, faraghani, kwa maneno yaliyopangwa. Bwana Kimeu akachukua kalamu nyekundu.

Kassimu hakupaza sauti. Alikuja mezani kwangu akanirudishia beji, na akainama karibu. "Karani, wewe ni mtu wa kusoma. Niambie ukweli tu, sitakasirika. Mashine za Tanga ni mbovu, au ni mimi?" Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi wake umewachekesha watu, na huwaongezea chumvi wasikilizaji wangu wapate kufurahi. Huu ulikuwa mfupi. "Mashine zao ni sawa, kaka." Hivyo tu. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko yote niliyowahi kusema. Akaitikia kwa kichwa mara mbili, akasema, "Basi ni mimi." Akaenda kumuaga Bi Mwanakombo jikoni, na nikamsikia yule mama akilia kwa sauti ya chini huku akimfungia mahamri ya njiani.

Jioni ile nilimtoa Mvivu stoo nikampeleka chumba cha mbele, ndani ya mtoto wa meza yangu. Sikumwambia mtu. Mwezi uliofuata wote watatu waliobaki walipata tarakimu. Bwana Kimeu akadhani Kassimu aliwaambukiza uzembe, akanunua betri mpya za mita, akawakimbiza mpaka mwisho wa waya kwa matusi. Kwa hiyo wao walinusurika kidogo, na mimi nilifaulu mtihani wangu, na hata Kiswahili nilipata alama ya juu kabisa. Kassimu hakupata tena kazi hiyo popote, maana wino mwekundu ulikuwa kitu pekee katika makaratasi yake kilichovuka mipaka bila shida. Alirudi kulima mihogo Kinondo. Tulionana miaka yote hiyo, misikitini, kwenye maziko, sokoni. Kila mara alinisalimu kwa furaha na kuwaambia waliokuwapo kwamba huyu ndiye karani wetu, msomi, na kila mara nilitia mzaha nikapita.

Wiki moja baada ya hitima nilimpeleka Mishi Mombasa, kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya mionzi. Njiani nilimweleza yote, tangu leso mpaka mtoto wa meza. Hakunikatiza. Tulipokuwa kwenye feri alisema, akitazama maji, "Ulikuwa na miaka thelathini ya kusema, Ami." Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kwa mazoea. Niliumeza. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, umri wa wanangu. Alisema siku hizi wanataka rekodi imfuate mtu popote aendapo, kipimo kimoja, hesabu moja, na kwamba miongozo ya dunia inasema hivyo tangu zamani, ila kila nchi iliisoma kwa miwani yake. Nilimwandikia maelezo kurasa nne, sahihi na kidole gumba juu yake. Akayasoma mara mbili. "Sasa, mzee, hizi sufuri tukizifuta, tuandike ngapi?" Nikamwambia sijui. Beji ile ilikuwa imeipotezea maabara hesabu, na maabara yenyewe haikuweka kumbukumbu ya kilichopunguzwa. Akauma kalamu. "Basi tutaandika haijulikani. Na hili la uzembe siwezi kulifuta, lakini maelezo yako yatabandikwa juu yake, hakuna atakayelisoma bila kukusoma wewe kwanza." Akaandika neno lile mara tisa, moja chini ya jingine, nami nikatia sahihi mbele ya kila moja.

Nilidhani kazi imekwisha hapo. Mishi akasema, "Mama hajui kusoma. Utamsomea wewe." Tukaenda moja kwa moja Kinondo. Mjane wa Kassimu alikuwa amekaa eda, kwa hiyo nilikaa nje ya dirisha la chumba chake, kwenye kigoda, pazia katikati yetu, nikamsomea kurasa zote nne, bila chumvi. Nikamaliza ukurasa wa nne. Kisha sauti yake ikatoka nyuma ya pazia.

"Kwa hivyo hakuwa mzembe."

"Hakuwa, shemeji. Mzembe nilikuwa mimi."

"Yeye amekwenda akiamini alikuwa. Aliniomba radhi, siku zile za mwisho. Mimi na watoto. Akasema alituachisha maisha mazuri kwa kupenda kivuli." Nikasikia akivuta pumzi, na Mishi akasogea kumshika. "Nikamsamehe. Nikamsamehe kosa ambalo hakulifanya, naye akanishukuru."

Nilianza kuzikunja karatasi.

"Usizikunje," alisema. "Soma tena, pale penye jina lake. Soma kwa sauti, jirani nao wasikie."

Nikasimama, nikasoma.